Kiti Kilichommeza Mteja

Karakana ya Makochi
Jumatatu, 4 Machi

Kwa Baba na Mama,

Shikamooni. Nimefika salama. Najua Mama ameshaniuliza hilo mara tatu kwenye simu, nami nikajibu "mm" mara tatu, kwa hiyo sasa najibu vizuri kwa maandishi. Mnanijua. Simu ikishafika sikioni, maneno yangu yote yanakimbilia tumboni. Dereva wa lori la mbao hupita hapa kila wiki akielekea huko kwetu, na amekubali kuwa posta yetu. Anasema mizigo yake yote ni mizito, barua zitampumzisha.

Karakana ni chumba kirefu chenye milango miwili mipana, mmoja wa barabarani na mwingine wa uani. Makochi yaliyovuliwa nguo yameegeshwa ukutani, mbavu nje, kama wagonjwa wanaosubiri zamu yao. Kuna meza ya kukatia kitambaa, ndefu kuliko sebule yetu, na rundo la sponji ambalo ukilipita linakuita ulale. Sijalala. Fundi mwenyewe ni mama mrefu, ana penseli sikioni na haongei sana. Tunaelewana. Msaidizi wake ni dada mmoja anayeitwa Redio. Jina hilo sikumpa mimi. Nalala naye chumba kimoja hapa ghorofani, na hata akisinzia anaendelea na taarifa.

Fundi amesema atanitazama mpaka mwisho wa Mei. Akiona nina mkono wa kazi, ataniandika kuwa mwanafunzi wake. Asipouona, nitarudi nyumbani. Nataka sana aniandike. Tangu siku ile tulipopita hapa nikamwona akilivua kochi bovu mpaka mifupa, na tuliporudi jioni tukalikuta jipya, sijataka kazi nyingine yoyote.

Sasa nina swali. Jana dada Redio alinipeleka sokoni kununua kitoweo. Muuza samaki akaniuliza nataka yupi. Nikasema, "Naomba wale wasio na miba."

"Wasio na nini?"

Nikamweleza kwa adabu kwamba nyumbani kwetu tunakula aina ile isiyo na miba, wakubwa kiasi hiki. Baba, yule mtu alikaa chini. Kisha akamwita mwenzake wa meza ya jirani aje anisikilize tena. Redio alicheka mpaka akashikilia nguzo. Akasema, "Mdogo wangu, samaki asiye na miba ni sabuni."

Ni kweli samaki wote wana miba? Na kama ni kweli, ya kwetu ilikuwa inakwenda wapi?

Binti yenu,
Kimya


Jikoni, shuleni
Jumatano, 13 Machi

Mwanangu Kimya,

Marahaba. Barua yako nimeisomea hapa hapa jikoni, mwiko mkononi, nikacheka mpaka maharage yakashika chini. Watoto mia nne wamekula maharage yenye harufu ya moshi kwa sababu yako na muuza samaki wako.

Miba alikuwa anaitoa baba yako. Wewe ulidhani anafanya nini jikoni kila siku ya samaki, ametupa mgongo, anasema "naonja chumvi"? Mtu gani anaonja chumvi nusu saa? Ana kibano chake kidogo, anakichemsha kabisa kama daktari wa meno. Usimwambie nimekwambia. Mbele za watu yeye ni simba. Mteja akikaa tu kwenye kiti chake cha kinyozi anahubiriwa jinsi watoto wa siku hizi wanavyodekezwa, na mkasi unalia hewani kumuunga mkono.

Mimi sidekezi mtu. Ni kweli nilikuwa nakugeuzia mto usiku ili upande wa baridi uwe juu, lakini hilo ni suala la afya. Mkate nilikuwa naukata ukingo kwa sababu kuku wanaupenda. Na chai kuimimina kikombe hiki kwenda kile mpaka ipoe, hayo ni mazoezi ya mkono. Mpishi lazima awe na mkono.

Samaki kula polepole, usiongee. Kwako hilo si kazi. Wanasema asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu. Wewe umefunzwa na muuza samaki, si haba.

Mama yako


Kibandani kwa kinyozi
Alhamisi, 14 Machi

Kwa Fundi wa Makochi,

Salamu nyingi. Mimi ni baba wa yule binti asiyesema. Kwa kazi ni kinyozi, kwa hiyo nakuandikia fundi kwa fundi. Sina tabia ya kuingilia kazi ya mtu. Mteja akinielekeza jinsi ya kushika mkasi, mimi humgeuzia kioo ajinyoe. Nina maombi madogo tu.

Nyundo, naomba asiishike kwanza. Vidole vyake ni vyembamba. Ile sindano iliyopinda niliyoiona mezani kwako nayo ingoje. Mkasi wa kitambaa ni mkubwa mno. Mimi nimeishi na mikasi, lakini ule ulinitisha. Mizigo mizito asibebe. Na siku mkila samaki, akipatikana mtu wa kumtupia jicho nitashukuru.

Tafadhali jambo hili libaki baina yetu. Mama yake ni mwanamke imara, na akijua nimekuandikia, nitakuwa wimbo wa nyumba nzima.

Wako katika ufundi,
Kinyozi


Nyumbani
Alhamisi, 14 Machi

Kwa Fundi, dada yangu,

Habari za kazi? Mimi ni mama yake Kimya. Sitakuchosha. Baba yake akijua nimeandika atanicheka, maana yeye ni mtu wa "mwacheni akomae", kwa hiyo naomba asijue.

Mtoto akivuta vumbi hupiga chafya mfululizo, hivyo makochi ya zamani asivue yeye. Akisimama sana miguu inamuuma, hivyo akae. Wateja anawaonea haya, asitumwe kwao. Akikosea usimkaripie mbele za watu. Ikiwezekana usimkaripie kabisa. Mtazame tu, ataelewa na atalia mwenyewe. Chai yake ipoe kidogo.

Kwa mengine yote mpe kazi ngumu, asije akazoea kudekezwa.

Dada yako,
Mpishi wa shule


Karakana
Jumatano, 10 Aprili

Kwa Baba na Mama,

Shikamooni. Mmeniuliza nimejifunza nini mpaka sasa. Nimejifunza vifungo.

Ni vile vifungo vya mgongo wa kochi, vinavyofunikwa kwa kitambaa na kuzamishwa ndani ya sponji. Mimi sivifuniki wala sivizamishi. Navipanga. Navipanga kwa rangi, halafu kwa ukubwa, na nikimaliza Fundi ananiletea boksi jingine. Nimekalishwa kwenye kiti kizuri kuliko vyote vya hapa, kiti cha mteja ambaye hajaja kukichukua. Nikisimama, Fundi anasema, "Kaa." Nikisogelea nyundo, nyundo inahamishwa. Mteja akiingia naambiwa, "Kimya, hebu nenda uani kidogo." Nadhani sura yangu inafukuza biashara.

Na jambo la ajabu kuliko yote, Fundi ananipozea chai. Anaimimina kikombe hiki kwenda kile, amekunja uso, kisha ananipa bila kunitazama.

Redio anapigilia misumari akiwa ameijaza mdomoni. Anaitoa mmoja mmoja kwa ncha ya ulimi, anagonga, na bado anaongea. Nikimtazama mikono yangu inawasha. Lakini naye ananipita kwa mbali, kama mtu anayepita karibu na kabati la vyombo vya udongo.

Mei inakuja, na Fundi hajauona mkono wangu, si mzuri wala mbaya. Mtu hawezi kufeli mtihani ambao hajapewa karatasi yake, lakini mimi naona nitaweza. Je, kuna kitu kwangu ambacho watu wote wanakiona isipokuwa mimi? Niambieni tu. Sitakasirika.

Binti yenu,
Kimya


Kibandani
Jumatano, 17 Aprili

Binti yangu,

Marahaba. Vifungo si jambo dogo. Kochi bila vifungo ni godoro lililosimama. Usidharau.

Huna kasoro yoyote, na ukisikia mtu anasema unayo, mlete kwangu nimnyoe. Mafundi wana njia zao. Pengine Fundi ameombwa, yaani ameona, kwamba ni heri kwenda polepole. Kuwa na subira. Subira yavuta heri. Mimi mwenyewe wiki hii nimemnyoa mtu upande mmoja nikasahau wa pili, kwa kuwaza hivyo vifungo vyako. Amerudi kesho yake. Anasema mkewe ndiye aliyegundua.

Mama yako anakutumia mto. Mimi nilikataa, nikamwambia huko ni kumdekeza mtoto, mtoto ameshakuwa mtu mzima. Ule mdogo wa kuweka mgongoni ndio wangu.

Baba


Karakana
Jumatatu, 22 Aprili

Kwa Kinyozi na Mpishi wa Shule,

Naomba barua hii isomwe na wote wawili, mmekaa, kwenye meza moja.

Nina barua mbili. Ya baba inasema mama asijue. Ya mama inasema baba asijue. Mimi nina karakana ya makochi, sina kabati la siri za ndoa, hivyo nazirudisha zote mbili ndani ya bahasha hii. Badilishaneni.

Baba kakataza nyundo, sindano, mkasi na mzigo. Mama kakataza vumbi, kusimama, wateja na karipio. Nililichukua kochi zima, nikalizunguka, nikatafuta kazi iliyobaki. Vilibaki vifungo.

Nilitii kwa sababu nilidhani mtoto anaumwa na mnaona aibu kusema. Nikamwonya hata msaidizi wangu amwangalie kama yai. Lakini jana jioni mvua ilishuka ghafla, na mali za wateja zilikuwa uani. Mimi nilikuwa juu. Nilipochungulia dirishani nilimwona mgonjwa wenu amejitwika benchi la watu watatu kichwani, anakimbia. Akaliingiza ndani, akarudi kuchukua la pili. Kisha akakaa kwenye vifungo vyake, anajifuta maji usoni kama mtu aliyeiba.

Siwezi kumwandika mwanafunzi ambaye sijamwona akikosea. Anayekosea mbele yangu, namwona pia anavyorekebisha, na hapo ndipo namjua. Huyu nitamjuaje? Mwisho wa Mei uko karibu. Ama mniachie nimfundishe kama ninavyowafundisha wote, kwa nyundo, vumbi na makaripio, ama mje mumchukue. Yuko mzima. Hana hata mkwaruzo.

Fundi


Karakana
Jumatano, 24 Aprili

Kwa Baba na Mama,

Shikamooni. Barua hii naiandika nikiwa na hasira. Naomba radhi kwa hasira, lakini siifuti.

Jana Redio aliniambia, "Kumbe una nguvu hivyo! Mimi nilidhani una moyo mbovu."

Nikamuuliza, "Moyo mbovu?"

"Si ndivyo tulivyoelewa? Usiguswe, usikaripiwe, usishike kitu. Wazazi wako wameandika. Wote wawili, kila mmoja kwa kujificha, kama wachumba."

Nilirudi kwenye vifungo, nikavitazama. Nilikuwa nimeshalia siku mbili tatu usiku kwa sababu ya vile vifungo. Nilikuwa nimejiambia kwamba sina akili ya kazi, kwamba Fundi aliliona hilo siku ya kwanza na huruma yake ndiyo inayonipozea chai. Kumbe huruma ilikuwa ya kutoka nyumbani, imetumwa na lori la mbao.

Asubuhi nilikwenda kwa Fundi. Nilikuwa nimeyapanga maneno vizuri, lakini nilipofika mbele yake yakaisha yote. Basi nikachukua nyundo mezani, nikasimama nayo.

Fundi akanitazama. "Unataka kumpiga nani?"

"Kiti," nikasema.

"Kiti kimekukosea nini?"

"Nataka kukitengeneza. Kimoja, mwanzo mpaka mwisho. Na nikikosea unikaripie kama Redio."

Sijawahi kumwambia mtu asiye ndugu yangu maneno mengi kiasi hicho kwa mkupuo. Redio alinyamaza. Naapa, alinyamaza.

Fundi akanionyesha kiti kimoja pembeni, kiti cha mikono cha mzee mshona suti wa mtaa wa pili. Kimebonyea katikati, mikanda ya chini imelegea, kitambaa kimechoka. Akasema, "Hicho. Kiwe tayari kabla Mei haijaisha. Kwa kiti hicho nitajua."

Nimeanza kukivua leo. Mama, ni kweli nimepiga chafya, halafu nikafunga kitambaa puani, zikaisha. Baba, ni kweli nimejipiga kidole gumba. Kinauma kama ulivyoogopa na kimekuwa rangi ya zambarau. Nikapumzika kidogo, nikaendelea.

Naomba msimwandikie tena Fundi. Niandikieni mimi. Mimi ndiye niliyeondoka nyumbani.

Bado nawapenda. Sikutaka kuliweka hilo katika barua ya hasira, lakini karatasi imebaki.

Kimya


Nyumbani
Jumatano, 1 Mei

Mwanetu,

Naanza mimi mama yako, baba yako anatafuta kalamu yenye wino.

Barua ya Fundi na ya kwako zilifika na lori moja. Tulikaa mezani kama tulivyoamriwa. Nikampa baba yako barua yangu, naye akanipa yake. Tukasoma. Halafu baba yako akasema, "Chai yake ipoe?" Nami nikasema, "Na akila samaki atupiwe jicho?" Tulicheka mpaka jirani akagonga ukuta. Halafu tukafungua yako. Hapo kicheko kiliisha.

Hatukujua kuhusu hizo siku ulizolia usiku. Tusamehe, mwanangu.

Nikwambie kitu. Kila siku napakua sahani mia nne. Kila mtoto mwiko mmoja, sawa na mwenzake. Nikimwonea mmoja huruma nikamwongezea, wa mwisho kwenye foleni atakosa. Kwa hiyo kule simwonei mtu huruma, na wananiita Mama Chuma, wakidhani sijui. Nikifika nyumbani nakuta sahani ya mtoto ni moja. Mkono unajisahau.

Sasa ni mimi Baba. Sina maelezo mazuri kama ya mama yako. Vichwa vya watu vinapita mikononi mwangu kutwa. Wanakaa, wananyolewa, wanajipangusa, wanakwenda zao. Nilizoea kwamba wewe hujipangusi ukaenda. Ulipoondoka nilifikiri, basi angalau nimtengenezee njia mbele. Kumbe njia nimeiziba mimi.

Hicho kidole kiweke kwenye maji baridi, kisha ukifunge na

Ni mimi Mama tena. Nimemnyang'anya kalamu. Kidole ni chako, kifanye unavyoona.

Hatutamwandikia tena Fundi. Tumebakiza barua moja tu ya mwisho, ambayo ni lazima.

Mama na Baba


Nyumbani
Jumatano, 1 Mei

Kwa Fundi,

Mkaripie. Lakini si asubuhi kabla hajanywa chai.

Mke wangu anasema nifute hayo ya chai. Nimeyapiga mstari, kama bado yanasomeka, ni kosa la kalamu. Mkaripie wakati wowote.

Kinyozi, na Mpishi akishuhudia


Karakana
Jumamosi, 25 Mei

Kwa Baba na Mama,

Shikamooni. Kiti kilikuwa kizuri. Naomba niseme hivyo kwanza, kabla ya mengine.

Nilivuta mikanda mipya na kuipigilia, nikafunga springi, nikaweka sponji. Kisha nikaweka sponji nyingine juu yake. Juu yake nikatandaza pamba. Halafu nikakumbuka kwamba mzee mwenye kiti ana magoti mabovu, nikamwonea huruma, nikaongeza sponji ya tatu. Kitambaa cha kijani nilikinyoosha mpaka hakuna mkunjo hata mmoja. Redio alisema kinafanana na keki. Fundi alikuja, akakibonyeza kwa kidole, akafungua mdomo aseme kitu, akaufunga. Akaniacha. Sasa najua alikuwa ananiachia nini.

Mzee alifika jana. Ni mtu nadhifu sana, ana tai, na futi ya kupimia imening'inia shingoni. Nikamwamkia, akaitika, akakizunguka kiti, akakisifu. Akakaa. Akazama. Akaendelea kuzama. Magoti yakapanda mpaka karibu na tai.

"Aah," akasema. "Laini."

Tukafurahi.

"Laini sana," akasema. Kisha akajaribu kuinuka. "Wajukuu zangu, naomba mkono."

Nikampa mkono, Redio akampa mkono, tukavuta. Tulimfikisha nusu ya njia, akatuponyoka, akarudi chini zaidi ya alipokuwa. Redio akapiga kelele, "Babu, usipumue!" Mpita njia mmoja akaingia kusaidia. Mwingine akaingia kutazama tu. Mzee akasema kutoka huko ndani, kwa utulivu mkubwa, "Mimi nilileta kiti. Naona nimerudishiwa kisima."

Tulipomtoa, futi yake ilibaki ndani. Tuliiokoa baadaye.

Hapo Fundi akanikaripia. Mama, alinikaripia mbele ya mzee, mbele ya Redio, mbele ya wapita njia wote wawili. Kopo la misumari lilitetemeka mezani.

"Wewe mwenyewe ulikikalia hiki kiti?"

Nikasema nilikikalia.

"Ukaonaje?"

"Raha."

"Na kuinuka?"

Nikasema sikujaribu sana kuinuka, nilikuwa nafurahia.

"Mtu anakaa ili baadaye ainuke!" akasema. "Ukimwekea ulaini mtupu hana pa kukanyagia, hana pa kujisukumia. Hasa mwenye magoti mabovu! Huyo ndiye wa kumwekea ugumu chini. Wewe umemhurumia mpaka umemzamisha. Vua chote!"

Nililia kidogo, siwafichi. Lakini nililia huku nang'oa misumari, na kazi haikusimama. Mzee akaniambia nisijali, kwamba suti yake ya kwanza ilikuwa na mikono miwili ya kushoto.

Nilipokuwa nakivua kile kiti niliwafikiria sana ninyi. Sitaandika nilichofikiria. Mtakielewa.

Mzee atarudi Ijumaa, na Ijumaa ndiyo siku ya mwisho ya Mei. Nina kazi, naishia hapa.

Kimya


Karakana
Jumamosi, 1 Juni

Kwa Baba na Mama,

Shikamooni. Nawasimulia kwa mpangilio, msiruke mistari.

Safari hii niliivuta mikanda mpaka ikawa inalia kama ngoma ukiigonga. Juu ya springi nikaweka sponji moja ngumu, ile nzito ambayo mwanzoni niliidharau, na juu yake nyembamba laini, basi. Nilikikalia, nikainuka. Nikakikalia, nikainuka. Nilimwomba Redio akikalie, nikamwambia ainuke bila kutumia mikono na bila kuongea. La kwanza aliliweza.

Jana mzee alikuja na mwanawe, nadhani kwa usalama. Alikaa taratibu, ameshika mikono ya kiti kama mtu anayepanda farasi. Hakuzama. Akaegemea. Akafumba macho, nikaona mabega yake yanashuka. Ni laini, Baba. Nilihakikisha ni laini. Kisha akafumbua macho, akainuka. Peke yake. Mwanawe alikuwa amenyoosha mkono, ukabaki hewani. Mzee akakaa tena, akainuka tena, akakaa, akainuka, kama mtoto aliyegundua swichi ya taa. "Niache," mzee akamwambia mwanawe, "ngoja kwanza."

Fundi akasogea. Aliinama akatazama chini ya kiti, akapitisha kidole kwenye misumari yangu, akakuta mmoja umekaa upande. Akanikaripia kwa huo mmoja. Kisha akasema, "Jumatatu tunaanza kochi la watu watatu. Usichelewe," akaenda kunywa chai yake.

Nikamuuliza Redio, "Ndiyo kusema nini?"

"Kusema nini? Umeandikwa, mjinga wangu!" Akanikumbatia, na misumari yote ikamtoka mdomoni.

Nimeandikwa. Leo nimepewa aproni. Ni ndefu, nimeikunja kiunoni mara mbili. Fundi ameshanikaripia tena mara kadhaa, na kila mara natetemeka, halafu narekebisha, halafu tunaendelea kama hakuna kilichotokea. Sikujua kwamba mtu anaweza kukaripiwa akabaki mzima.

Jumapili hii sitakuja nyumbani, tuna kitambaa cha kukata. Nitakuja Jumapili inayofuata, na lori. Tafadhali msinisubiri barabarani. Kutoka pale lori linaponishusha mpaka mlangoni najua njia. Na Baba, nitakuwa na mfuko mkubwa, usije mbio kuupokea. Nimebeba mabenchi.

Binti yenu,
Kimya

Nilikuwa nimeshafunga bahasha, nimeifungua tena. Njooni barabarani. Mfuko una vishikio viwili. Mnaweza kupokezana kimoja, hicho kingine nitashika mimi.